Sadaka ya njaa isisubiri picha

Baa la njaa likitangazwa katika nchi ya mbali, makanisa hutangaza sadaka maalumu, na swali lilelile huzuka: kwa nini fedha ziende ng'ambo ilhali wapo wajane wa usharika wanaolala njaa?

Swali hilo ni la haki. Mjane unayemjua kwa jina utamfuatilia. Fedha zikishavuka mpaka utazisoma kwenye ripoti tu. Tena penye vita, msaada huweza kuwanufaisha wenye bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndege za makanisa zilipeleka chakula usiku kwa usiku Biafra, eneo lililokuwa vitani likitaka kujitenga na Nigeria. Ziliokoa wengi, ila hadi leo wapo wanaosema zilirefusha vita, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Hata hivyo, nasimama na wanaotoa. Matendo 11 yasimulia kwamba nabii Agabo alipotabiri njaa kubwa, waumini wa Antiokia waliazimu kuwapelekea ndugu wa Uyahudi msaada, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Waliazimu kwa kusikia onyo. Sisi tunangoja picha za watoto waliobaki mifupa.

Kungoja huko kunaua. Somalia, dalili zilikuwepo tangu mvua za mwisho wa 2010 zilipokosekana, lakini tangazo la baa la njaa lilitoka Julai 2011. Walikufa watu wapatao 260,000, takriban nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi walikwisha kuzikwa kabla ya tangazo. Si ajabu: miongoni mwa vigezo vya kutangaza ni watu wawili katika kila 10,000 kufa kila siku.

Kabla ya hapo kuna miezi ambayo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Mfugaji anaona malisho yamekwisha, anapeleka mbuzi sokoni, anakuta kila mtu kaleta wake. Bei ya mbuzi imeanguka, ya mahindi imepanda. Akiuza na yule wa maziwa, mtoto hana tena cha kunywa. Akipata fedha wakati huo atanunua malisho, na mbuzi atabaki. Nafaka ya msaada iletwayo kwa meli huhitajika pale soko lenyewe lilipokauka. Kwingineko huchelewa, na huweza kumharibia bei mkulima wa jirani.

Kwa hiyo ningependa kila kanisa litenge fungu la kila mwezi, hata dogo, likae tayari kwa kanisa mwenza lililo kwenye eneo la ukame. Fungu lililopangwa halimnyang'anyi mjane wetu, kwa kuwa na lake limepangwa. Mchango wa ghafla ndio unaovuruga bajeti.

Uaminifu nao una utaratibu wake. Katika 2 Wakorintho 8, Paulo hakubeba changizo peke yake: aliambatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, mtu asije akawalaumu. Mweka hazina wa leo naye apewe wenzake wa kuhesabu na kukagua, na waumini wasomewe kilichonunuliwa, kilichofika, na kilichopotea njiani.