Newbuild ya 1988 ichezwe, isifungiwe kabatini

Mwandishi, kwenye makala yako umesema wakusanyaji wananunua kopi za kwanza za santuri ya Newbuild, albamu ya asidi hausi (mziki wa klabu wa mashine za umeme) ya kundi la 808 State, kama kitega uchumi, wanazifunga kwenye plastiki hazigusi sindano tena, mi hapo inaniuma kweli. Ile albamu ya 1988 wameitengeneza watu watatu wa Manchester, Graham Massey, Martin Price na Gerald Simpson, na Price alikuwa na duka la santuri hapohapo mjini, Eastern Bloc, yani huu mziki umetoka kwa watu wa santuri wenyewe ili upigwe klabu watu wacheze mpaka nguo zilowe jasho!!

Na ule mlio unaojinyonganyonga kwenye asidi hausi ni wa kimashine cha Roland TB-303, Wajapani walikitoa 1981 kiigize gitaa la besi, hakikuuzika, 1984 wakaacha kukitengeneza, vikabaki vya mtumba bei chee, ndo vijana wa Chicago, kundi la Phuture, wakakizungusha vitufe ovyoovyo wakapata wimbo wa Acid Tracks wa 1987. Bila mtumba hatungekuwa na asidi hausi jamani.

Mi niliwahi kuuziwa Newbuild nikaambiwa kopi ya kwanza, kufika home naangalia vizuri naona lebo ya Rephlex, toleo la kurudiwa la 1999. Hela iliniuma ila nilivyoweka sindano besi ikanipiga kifuani vilevile, naicheza mpaka leo. Anayetafuta ya kwanza aangalie lebo ya katikati iwe imeandikwa Creed, kampuni iliyoitoa mwanzo, na aombe ipigwe hapohapo dukani kabla hajatoa hela.