Unamwita Mara Tisa, Kisha Unamchapa

Mtu yuko uwanjani, anamwita mbwa wake. "Njoo! Njoo! We, njoo hapa!" Mara tisa. Mbwa ananusa mpaka anamaliza, mwishowe anarudi mkia umefyata, na akifika tu anakula kibao. Eti anafunzwa adabu.

Amefunzwa kweli, tena barabara. Mbwa huunganisha adhabu na jambo analolifanya papo hapo, na papo hapo alikuwa anafika kwako. Ule ukaidi wa dakika tano nyuma, kwake ulishapita. Kesho ukimwita atasimama hatua tatu mbali nawe, akupime kwa macho, nawe utasema ana jeuri. Jeuri! Mwanafunzi ameshika somo, mwalimu ndiye hajui alichofundisha.

Wala si lazima fimbo. Ukimwita ili umwogeshe, umkate kucha, au umfunge kila mchezo unapokolea, "njoo" inageuka habari mbaya. Kwa mambo hayo mfuate mwenyewe alipo.

Neno likishaharibika hivyo, lizike. Chagua jingine, au filimbi, ambayo angalau haisikiki kama imekasirika. Anza ndani ya nyumba, hatua mbili tu kutoka alipo. Tamka mara moja. Akija, shika kola kwanza, ndipo umpe vipande vitano vya nyama ya kuchemsha, kila kimoja kama punje ya harage, kimoja baada ya kingine. Usiposhika kola utafuga mnyakuzi: anachukua chake na kutokomea. Mara kumi kwa siku zinatosha.

Kisha uani, kisha nje kwa kamba ya mita 10. Ifunge kwenye mshipi wa kifuani; akichomoka mbio kamba ikakaza ghafla, shingo itaumia. Usiizungushe mkononi, vidole vyako navyo ni mali. Asipokuja kwa neno moja, usirudie. Chutama, au kimbia kuelekea upande mwingine, wengi hapo hukufuata. Akigoma bado, ifuate kamba mpaka umfikie, bila makelele, na safari ijayo mwite kwa karibu zaidi au mahali penye vishawishi vichache. Kama haji angalau mara nane katika kumi, hamjafika hatua hiyo.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo mbwa wa kusaka ambao harufu ya sungura itaishinda nyama yako daima. Hao wabaki na kamba. Na kati ya miezi 6 na 18, hata aliyekuwa hodari hujifanya kiziwi. Rudisheni kamba, msirudishe fimbo.

Kukimbizana naye? Huo ni mchezo, na mshindi ni yeye.

Lakini kinachosahaulika zaidi ni kumwachia. Mara tisa katika kumi akija, mlipe, kisha mwambie aende zake akaendelee kucheza. Ile ya kumi ndiyo ya kurudi nyumbani.