Walimu kupelekwa Brussels na Strasbourg: shida sio safari, shida ni nani kapanga ratiba

Nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa muda mrefu wa kuwapeleka walimu Brussels kule Ubelgiji na Strasbourg kule Ufaransa wakaone taasisi za Umoja kwa macho yao, siku tatu nne hivi, wanaingia bungeni, wanapita kwenye Tume, ndo kama serikali ya Umoja, wanasikiliza afisa na pawapointi yake, picha ya pamoja mbele ya bendera halafu treni ya kurudi. Wapo wanaosema hakuna njia bora zaidi ya kumfundisha anayefundisha, na wapo wanaosema ni utalii tu uliovalishwa tai.

Nianze na wanaotetea maana hoja yao ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Mambo ya Ulaya yanachanganya hata mtu aliyesoma. Kuna Baraza la Ulaya, limeanzishwa 1949, lina nchi 46, na wala sio chombo cha Umoja wa Ulaya. Kuna Baraza la Umoja wa Ulaya, hilo sasa ndo la mawaziri wa nchi 27. Halafu kuna lingine tena la marais na mawaziri wakuu, nalo linaitwa baraza! Mahakama ya haki za binadamu iko Strasbourg na ni ya lile baraza la kwanza, mahakama ya Umoja yenyewe iko Luxembourg. Na bendera ile ya nyota 12 wanatumia wote, Baraza la Ulaya waliipitisha 1955 na Umoja ukaja kuichukua miaka ya 80. Kama hiyo haitoshi, mpaka 1999 bunge la Umoja lilikuwa likienda Strasbourg linakaa kwenye ukumbi wa Baraza la Ulaya, yaani wapangaji kabisa. Sasa mwalimu akariri hayo kitabuni, wiki ijayo keshasahau, lakini akitoka bungeni pale Strasbourg kwa miguu akavuka mto Ill akakuta jengo la Baraza la Ulaya upande wa pili, hachanganyi tena maisha yake yote, na wanafunzi wake hawachanganyi.

Na sio mambo ya kufaulu mtihani tu. Uchaguzi wa bunge la Ulaya 2024 Ujerumani na Ubelgiji waliruhusu kwa mara ya kwanza wa miaka 16 kupiga kura, Austria na Malta walishatangulia, Ugiriki ni 17. Kwa hiyo mpiga kura yuko darasani kakaa dawati la nyuma anachezea simu, na mtu wa karibu anayeweza kumwelezea anachagua nini ni huyo mwalimu. Waliojitokeza 2024 walikuwa karibu asilimia 51, bora kuliko 2014 walipokuwa kama 43, ila bado nusu ya watu wamekaa nyumbani.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo penye utamu. Mkataba wa Umoja kifungu cha 165 unasema wazi kwamba yanayofundishwa shuleni ni jukumu la kila nchi, Brussels inasaidia tu, haiandiki mtaala. Sawa. Lakini hata kama huwezi kuandika mtaala, unaweza kumwalika anayeufundisha ukamkaribisha vizuri, si ndio? Kila mbunge kati ya wale 720 anaruhusiwa kualika makundi ya wageni na bunge linachangia gharama, na mbunge ana chama chake na anataka kurudi bungeni. Siwalaumu, mwenye nyumba lazima aonyeshe sebule, hakuna mwenyeji anayekupitisha stoo. Wenye kejeli watakukumbusha kwamba kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, nadhani hiyo ni kuonea kidogo, ila mwalimu anayelishwa na yuleyule anayetakiwa kumchambua lazima ajue hilo kabla hajapanda treni.

Kuna na biashara yake. Erasmus+, mpango wa Umoja wa kufadhili elimu, inalipia mwalimu nauli na posho, na akienda kozi kuna ada ya euro 80 kwa siku, mwisho 800, ndo maana kozi zimejaa kwenye miji ya baharini. Na Tume haimpi mwandaaji yeyote muhuri wa ubora, shule ijichagulie yenyewe. Zingine nzuri kweli, zingine asubuhi mada mchana matembezi. Na wanaoenda mara nyingi ni walewale, wa lugha na historia ambao Ulaya wanaipenda tayari, wakati mwalimu wa hesabu au wa ufundi anabaki kuziba vipindi vyao.

Mtu atauliza kwani si vikao vinarushwa laivu mtandaoni, kaa nyumbani uangalie. Ni kweli vinarushwa, tena bure, ila cha laivu ni kile kilichoiva. Sheria nyingi za Umoja zinapikwa kwenye mazungumzo ya pande tatu, bunge, mawaziri na Tume, mlango umefungwa, na hayo hata ukifika Brussels hutayaona, unachoweza kupata ni kukaa na mtu aliyekuwemo ukamuuliza mlipeana nini. Hapo ndo safari inaishinda intaneti, lakini kwenye ratiba za kawaida kipindi cha maswali ndo cha kwanza kukatwa basi likichelewa.

Kwahiyo mimi niko upande wa safari, kwa masharti. Ratiba waandike walimu wenyewe, sio ofisi ya wageni. Waende wiki yenye vikao, maana ukumbi mtupu ni viti tu. Waingie kamati moja wakae saa nzima hata kama inachosha, waone watu wakivutana kwa lugha tofauti wakalimani wakihangaika, kuliko kukimbizwa majengo matano. Na waulize lile swali ambalo haliwekwagi kwenye brosha: kwanini bunge zima linahama Brussels kwenda Strasbourg mara 12 kwa mwaka wakati wakaguzi wa Umoja wenyewe walisema 2014 kwamba kubaki Brussels kungeokoa kama euro milioni 114 kila mwaka? Jibu ni kwamba imeandikwa kwenye mkataba, na kuubadilisha lazima nchi zote zikubali ikiwemo Ufaransa, ambayo haikubali. Hilo swali moja lina somo zima la uraia ndani yake, na mwalimu akilileta darasani kesho yake wale wa dawati la nyuma wataweka simu chini, angalau dakika kumi.