Pankeki ya boksi ya nini, na ndiizi zipo?

Sioni sababu ya mtu anayeishi Uganda kununua unga wa pankeki wa boksi. Soma nyuma yake: ngano, sukari, chumvi, beking pauda. Vyote vinapatikana duka la mtaani, na mara nyingi bado utatakiwa utie yai na maziwa yako mwenyewe. Halafu juu inamwagwa sharubati ya chupa yenye ladha ya mti usioota kwetu, huku maembe yanaoza chini ya mwembe uani.

Waliotutangulia walishayamaliza haya kwa kabalagala, pankeki yetu ya ndizi ya kukaanga. Ndiizi, yaani ndizi ndogo tamu, zilizoiva na unga wa muhogo, basi. Maji hayatiwi hata tone, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Muhogo hauna ule unato wa ngano, kwa hiyo kinachoushikilia unga ni ndizi yenyewe iliyopondwa. Ukitia maji, donge linalegea, likiingia kwenye mafuta linapasuka na kuyanywa yote. Ponda ndizi kwanza hadi ziwe uji mzito, ongeza unga kidogo kidogo mpaka mkono uachie, sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga. Wapo wanaotia pilipili kidogo. Sina ugomvi nao.

Ndizi zenyewe ziwe zipi? Ziwe ndiizi hizohizo, si bogoya, zile ndizi kubwa ndefu. Bogoya ni nzuri kwa kula hivihivi, lakini ukiipika utamu wake unapoa. Na usichague zenye ganda la kung'aa. Unazotaka ni zile zenye madoa meusi, laini ukizibonyeza, ambazo jioni sokoni Jinja mama muuzaji anazisogeza pembeni na kukwambia, "Mwanangu, chukua hizi zote, kesho hazifiki." Chukua zote.

Asubuhi nisipotaka mafuta mengi, hupika chapati za maji kwa mtindo uleule: tunda linashika nafasi ya sukari na ya sehemu kubwa ya maji. Kikombe cha ndiizi zilizopondwa, kikombe cha unga wa ngano, yai, chumvi kidogo, kijiko kidogo cha beking pauda, na maziwa ya kulegeza tu, kama nusu kikombe. Uache uji huo utulie kidogo kabla ya kupika. Moto uwe mdogo kuliko ulivyozoea, maana sukari ya tunda huungua upesi. Kwenye sigiri, toa makaa mawili matatu. Usigeuze mpaka vitundu vya juu vitoboke na visijifunge tena na ukingo uwe umekauka. Ukiwa na haraka utapata chapati nyeusi nje, mbichi ndani, na utailaumu ndizi bure.

Embe nalo linafanya kazi vizuri, mradi liwe na nyama nzito. Lenye nyuzi lipitishe kwenye chujio. Nanasi, hata lile tamu la Kayunga, halina kazi ndani ya uji. Lina maji mengi na uchachu, na kila kipande kinaacha shimo bichi pembeni yake. Likate vipande vidogo, lipike peke yake kwenye kikaango kikavu hadi maji yaishe na lianze kuwa la kahawia, kisha lipakue juu. Pasheni haihitaji hata moto: ikate, ikamulie juu na mbegu zake, ongeza asali kidogo. Sharubati ya chupa haioni ndani.

Fenesi nalipenda likiwa limekatwakatwa mno, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, lakini nyumbani kwangu nusu ya watu hukimbia harufu yake, kwa hiyo chapati za fenesi nazipika mwisho. Papai ndilo ninalolikataa kabisa. Likipikwa halina ladha yoyote ya kutetea nafasi yake kwenye kikaango, na anayebisha anialike kwake nikaonje.