Veto haikuiua Polandi peke yake, waulizeni makabaila

Ukigusia tu historia ya Polandi watu wanakuja na jibu lilelile, eti nchi ilikufa kwa sababu ya liberum veto, ile haki ya mbunge mmoja kusimama kwenye Sejm (bunge la huko) akasema sikubali na kikao chote kikavunjika. Mimi naona hapo wanamlaumu bunduki wanamwacha aliyeishika.

Mwanzoni mfumo wenyewe ulikuwa mzuri bana, kwa mamwinyi lakini, yaani lile tabaka la watu wa ukoo bora. Mfalme Sigismund II Augustus alipofariki 1572 bila mtoto, mamwinyi wakaamua mfalme atakuwa wa kuchaguliwa, na 1573 wakamchagua Henri wa Ufaransa na kumpa masharti: bunge liitwe kila baada ya miaka miwili, kodi mpya hakuna bila idhini yao, na akivunja makubaliano wana ruhusa ya kutomtii. Jamaa alikaa miezi michache tu, akasikia kaka yake amekufa na kiti cha Paris kiko wazi, Juni 1574 akatoroka Kraków usiku kama mpangaji anayekimbia kodi. Hao mamwinyi walikuwa wengi ajabu, wanakadiriwa asilimia 8 mpaka 10 ya watu wote, na kwa sheria wote walikuwa sawa. Mkulima yeye hakuhesabika, alifungwa kwenye shamba la bwana akifanya kazi ya shuruti, kwa hiyo wanaoniletea habari za demokrasia hapa wapunguze sauti kidogo.

Sasa shida ni hii, usawa wa kwenye makaratasi haujazi tumbo. Kulikuwa na mamwinyi kibao wasio na hata kipande cha ardhi, wanaishi kwa hisani ya makabaila wakubwa wa koo kama Radziwiłł na Potocki, na ukila kwa mtu kura yako unadhani itaenda wapi? Hata Siciński, yule mbunge anayekumbukwa kwa kuvunja kikao kwa veto 1652, inasemekana alikuwa mtu wa Janusz Radziwiłł. Baadaye mabalozi wa nje nao wakashtuka kwamba kumnunua mbunge mmoja ni rahisi kuliko kupeleka jeshi. Enzi ya mfalme August III, miaka 30, ni Sejm moja tu iliyofika mwisho salama, ya 1736! Na huyo August mwenyewe alikalishwa na jeshi la Urusi wakati wengi walimchagua Stanisław Leszczyński.

Wanamageuzi waliliona hilo. Machi 1791 walipitisha sheria ya kuwanyima kura mamwinyi wasio na ardhi, na mnaweza kusema ni ubaguzi, ila walijua kura zile zilikuwa za nani. Tarehe 3 Mei wakaleta katiba, veto ikafutwa kabisa.

Basi kama veto ndo ugonjwa, nchi si ilipaswa kupona? Mwaka uliofuata makabaila kina Szczęsny Potocki wakaunda umoja wa Targowica wakamwomba malkia Catherine wa Urusi aje kutetea uhuru wao wa zamani, jeshi likaingia, 1793 nchi ikamegwa na majirani mara ya pili (ya kwanza ilikuwa 1772) na 1795 ikaisha yote. Veto ilikuwa imeshafutwa na katiba, Potocki hakuihitaji.