Gari la Kilomita 318,000: Liuzwe au Litunzwe?

Mwezi uliopita shemeji yangu aliingiza Toyota Axio yake mpya uani kwetu Umoja, akaizunguka Corolla yangu mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akaniuliza: "Bado unamlea tu huyu mzee?" Mzee mwenyewe ni NZE, toleo la Corolla, ya mwaka 2004, namba yake inaanza na KBP, na siku hiyo dashibodi ilikuwa inasoma kilomita 318,000 na ushei. Shemeji alikuwa nayo ya aina hiyohiyo. Akaiuza, akaongezea mkopo wa miezi 36, na sasa hulipa benki shilingi 38,000 kila mwezi. Anasema siku hizi analala usingizi. Tulibishana hadi chai ikapoa, na tangu hapo nimekuwa nikizipitia hesabu zake na zangu, maana si kila alichosema ni upuzi.

Tuanze na hilo neno "mpya". Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa kuwa gari hushuka bei linavyozeeka, waagizaji hupenda yale yaliyokaribia mpaka huo. Anayenunua "mpya" kwenye yadi za Ngong Road au Kiambu Road kwa kawaida ananunua gari lenye miaka 7 barabarani, na kilomita zinazosomeka huenda ni zile ambazo mtu aliamua uzione. Juu ya bei ya Japani huja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, kila mmoja ukikokotolewa juu ya uliotangulia. Shilingi ilipoporomoka hadi kukaribia 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, bei za yadi zilipaa. Nami niliumia, nisijifanye. Spea nazo hununuliwa kwa dola.

Nina daftari ninaloandika kila senti inayoingia kwenye gari hili. Miezi 12 iliyopita lilikula 87,400 bila petroli na bima: shoki mbili za mbele, bushi, tairi mbili, betri, oili mara tatu, pedi za breki na vitu vidogovidogo ambavyo huwa vinajificha kwenye risiti. Siku nne halikutoka gereji. Shemeji katika muda huohuo atailipa benki 456,000. Ila hesabu hiyo peke yake inamwonea. Sehemu ya pesa zake imo ndani ya gari na ataipata akiliuza, ilhali langu halifiki laki nne hata nikilipaka rangi upya.

Hata hivyo nadhani tunabishania kitu kisicho chenyewe. Nimewaona watu wakifilisiwa na magari makuukuu, na mara nyingi si umri uliowafilisi. Ni spea zilizobadilishwa kwa kubahatisha.

Agosti mwaka jana nilikuwa Mombasa Road karibu na Cabanas, saa kumi na moja jioni, foleni imeganda, sindano ya joto ikaanza kupanda. Nilipofanikiwa kutoka kando, mvuke ulikuwa unachungulia kwenye boneti. Kesho yake fundi wa gereji moja alibinya mpira wa maji, akatikisa kichwa. "Madam, hii ni gasketi. Tunashusha kichwa cha injini." Alimaanisha ile sili inayoziba kati ya kichwa na mwili wa injini, na alitaka 35,000 na siku tatu. Hakuwa amepima chochote. Kijana wake akanishauri, kwa nia njema nadhani, nitoe thamostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto, niendelee na safari. Ushauri huo umezagaa mjini kama mahindi choma. Injini isiyo na thamostati hukawia kupata joto, kompyuta ikadhani bado ni asubuhi ya baridi, ikaendelea kumimina petroli zaidi. Unatibu sindano huku unalipia kwenye kituo cha mafuta.

Nikalikokota gari hadi Kirinyaga Road, ambayo watu wa rika la baba yangu bado wanaiita Grogan. Pale yuko mzee mmoja mwenye vifaa vyake kwenye sanduku la bati. Alisubiri injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza kwenye mwanga. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu.

"Mama, hebu nipe dakika kumi kabla hujampa mtu elfu thelathini."

Akakifunga kwenye kipampu chenye saa ya kupimia. Sindano ilipanda kidogo ikarudi chini; kifuniko hakishiki presha. Kisha akaweka kichupa chenye dawa ya buluu juu ya mdomo wa rejeta, akaniambia niwashe. Gasketi ikiwa imeungua, hewa chafu ya injini hupenya kwenye maji na dawa hugeuka manjano. Tulingoja. Ilibaki buluu kama ilivyokuja. Akafungua pia pale oili inapomiminwa, akanionyesha kwamba hakuna ule utando wa rangi ya chai ya maziwa. Nililipa 600 za kifuniko, kulanti, klipu moja ya mpira, na jasho lake.

Kwa nini kifuniko tu kikaniletea janga? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Injini yenyewe hufanya kazi karibu digrii 90. Kifuniko kizima, chenye alama ya presha ya 1.1, hubana maji hadi yakaribie digrii 120 ndipo yachemke. Kikilegea, umebakiwa na digrii nne za kuchezea kwenye foleni ya jioni, na ukiwa umejaza maji ya mfereji badala ya kulanti, kutu nayo inakusaidia kuzimaliza. Gari hilohilo Mombasa, pamoja na joto lake lote, lingepata nafasi kubwa zaidi.

Ubahatishaji huo uko kila mahali. Gari haliwaki, unauziwa betri. Kumbe mita ya umeme ya bei ya chakula cha mchana ingekuambia: betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma inafaa usome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, altaneta inayoichaji betri ndiyo mgonjwa, na betri mpya itakufa vilevile. Au taa ya injini inawaka, kijana anachomeka mashine, inatoa nambari ya hitilafu P0171, anasema ni sensa ya oksijeni. Nambari hiyo haikutaja sensa yoyote kuwa mbovu. Inasema hewa ni nyingi kuliko petroli, na mara nyingi chanzo ni kijipira cha hewa kilichochanika au sensa ya hewa iliyojaa vumbi la Eastlands. Mashine husema panapouma. Daktari bado anahitajika.

Hapa ndipo gari kuukuu lina nguvu ambayo shemeji haipi uzito. NZE imejaa mji huu. Mafundi wanaijua gizani, na gia zake nne za otomatiki zinavumilia. Axio yake ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, inayotaka oili yake mahususi, na fundi akiiwekea ile ya gia za kawaida huenda ukanunua giaboksi nzima. Wanaoifungua na kuirekebisha sawasawa ni wachache.

Upande wake sasa, na hapa sina majibu mazuri. Gari jipya zaidi lina mfumo wa kulizuia lisiteleze, mifuko ya hewa ambayo haijakaa miongo miwili, na mwili uliobuniwa upya kwa ajili ya ajali. Breki zangu ni nzima, nimezikagua, lakini usiku wa mvua kwenye mteremko wa Mai Mahiu nikiwa na watoto nyuma, daftari langu halinifariji. Pia kuna moshi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mapema 2006 na tukafurahi, kisha watu wakaanza kukata kile kichungi kilicho kwenye ekzosi kwa sababu ndani yake mna platinamu na paladi zinazonunuliwa kwa bei nzuri. Ukilinunua gari kuukuu, chungulia chini. La kwangu bado linacho. Kuna mengi barabarani yasiyonacho, na wanaovuta hewa hiyo ni wale wanaotembea kwa miguu Jogoo Road.

Na spea. Mtumba wa Japani nauamini kwa injini, taa na hata shoki. Pedi, mishipi na sili za mpira sinunui za mtumba kamwe, na zile mpya zenye sanduku zuri kupita kiasi huzitilia shaka, kwani za bandia zimejaa.

Mpaka wangu ni upi? Giaboksi ikifa nitauza. Hilo halina mjadala, maana ya mtumba iliyofungwa kwa dhamana ya wiki mbili ni bahati nasibu. Injini ni suala gumu kidogo. Januari mzee wa Grogan alinipimia mgandamizo wa hewa ndani ya silinda zote nne. Zote zilisoma chini ya kiwango cha kitabu, na fundi mwenye haraka angelisema injini imekwisha. Lakini kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na kipimo hushuka nayo. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zangu ziko karibu sawa, ya tatu kutoka mbele iko chini kwa pauni 12 za presha. Oili inapungua robo lita kila kilomita elfu moja, naiongeza kila Jumamosi na kuiandika.

Mzee alisema tupime tena zikiisha kilomita 5,000. Pengo likipanuka hadi pauni 25 hivi, nitampigia shemeji simu aniambie ni benki gani ile.