Septemba kwenye Alpi: chagua mwamba mwisho

Wakweaji wa miamba wengi ninaowafahamu hupanga safari ya Septemba hivi: wanachagua njia waliyoiota mwaka mzima, wanakata tiketi, wanalipia kibanda cha mlimani, kisha wanaanza kuomba jua. Kwangu huko ni kupanga kinyumenyume.

Mwaka juzi nami nilifanya hivyo hivyo. Mimi na mwenzangu wa kamba tulilipia siku nne Chamonix, huko Ufaransa, kwa ajili ya njia moja tu ya mwamba wa granaiti. Upepo wa kaskazini-magharibi ukaleta mvua, na juu zaidi theluji. Siku ya tatu kulikucha kweupe, tukapanda. Nilipoingiza vidole kwenye ufa wa kwanza, ndani mlikuwa na utando wa barafu ambao jicho halikuuona, vidole tu ndivyo viliujua. Kamba iliyolowa jana yake ilikuwa imekakamaa kama fimbo. Tukatazamana, tukateremka.

Jioni ile rafiki yetu aliyekuwa Arco, karibu na Ziwa Garda huko Italia, akatutumia picha: amevaa fulana, mwamba mkavu kabisa. Haikuwa bahati. Alpi ni ukuta. Mawingu yakitoka kaskazini humwaga maji upande huohuo, na hewa ikishavuka na kushuka kusini hupata joto na kukauka. Wenyeji huuita upepo huo foehn. Ukivuma kutoka kusini, Italia ndiyo inayolowa na kaskazini kunapata ahueni.

Waliokwea Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, wanalijua jambo hili kwa namna yao: katikati ya mwaka watu hukwea uso wa kaskazini, na ikifika Januari wanahamia kusini kulifuata jua.

Kwa hiyo siku hizi nachukua likizo ya siku kumi, natafuta malazi yanayokubali kughairi, naandika njia tatu: moja ya juu, moja kwenye kuta za Aiguilles Rouges, safu ya milima iliyo juu ya Chamonix, zinazotazama kusini, chini ya mita 3,000, na moja bondeni Italia. Nauamua mwamba siku tatu kabla. Utabiri wa wiki nzima nautumia kujua upepo utatoka wapi, basi. Barabara nayo ni ya kuangalia, maana mwaka 2024 handaki la Mont Blanc, linalounganisha Ufaransa na Italia, lilifungwa tangu mwanzo wa Septemba hadi Desemba kwa ukarabati.

Wapo wanaoniambia huko ni kukosa msimamo. Siwakubalii hata kidogo. Mwishoni mwa Septemba mchana una saa 12 tu, wakati Juni unakaribia 16. Ukicheleweshwa na barafu, giza linakukuta ukutani, na kibanda ulichokitegemea huenda mlinzi wake ameshafunga msimu.

Mwaka huu tunaondoka tarehe 12. Mwenzangu ameshaniuliza mara mbili tunaelekea wapi. Nimemwambia afungashe kamba mbili na koti zito, na tarehe 9 jioni nitampigia.